Nilimuuza Mama Mkwe Usingizini

Mke wangu Advera alirudi kwao Usoke mwezi wa saba kwa sababu ya ndoto. Si ndoto yake, ni yangu. Niliota nimemuuza mama yake, nikairekodi kwenye simu, na rekodi hiyo ikasikilizwa na watu wote waliokuja kwenye msiba wa baba yake mdogo, katekista akiwemo.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Isevya, hapa Tabora mjini, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Natengeneza vitanda na milango, na majeneza watu wakibanwa. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo mambo ya ndani ya kichwa sikufundishwa na mtu. Niliyapata redioni. Kulikuwa na bwana mmoja alikuwa anakuja kila Alhamisi mchana, anajiita mtaalamu wa ndoto, ana sauti laini kama amekunywa mafuta ya karanga. Alisema kila binadamu anaota, na asiyeziweka ndoto zake ni sawa na mkulima anayevuna halafu anaacha mahindi shambani. Alisema usimpelekee mganga, wala sheikh, wala padri. Ziweke mwenyewe, zitafsiri mwenyewe, na uziweke kabla hujaenda chooni, maana ndoto hutoka na mkojo.

Hapo pa chooni ndipo aliponipata. Mtu anayetaja choo redioni saa saba mchana, watu wako kwenye ugali, huyo hana anachoficha.

Nikaanza. Nyumbani kwetu karatasi hazikai, ila vipande vya plywood vimejaa. Niliviweka chini ya kitanda pamoja na penseli ya kazini. Nikiamka naandika kwa kifupi: "Nyoka. Mkubwa. Amevaa saa." Ndoto zangu tatu za kwanza Advera alizipikia maharage. Nilipomuuliza, hata hakugeuka jikoni.

"Baba Flavia, kuni ni kuni. Ungeandika Injili ningeiheshimu."

Ndiyo sababu nikahamia kwenye simu. Unabonyeza, unaongea, umemaliza. Advera alikuwa pembeni yangu kila alfajiri ananisikia, anavuta shuka mpaka kichwani. Aliniambia siku moja kwamba hakujua kuwa aliolewa na mtangazaji wa mpira.

Tafsiri nilizifanya mwenyewe, kama nilivyoagizwa. Redio ilisema nyoka ni adui. Lakini mimi niliota nyoka, na asubuhi akaja mwalimu wa sekondari kuagiza kitanda cha futi tano kwa sita, akalipa chote mkononi. Kwa hiyo kwangu nyoka ni mteja. Niliota meno yanang'oka. Kila mtu Tabora atakwambia meno ni msiba, lakini mimi niliuziwa mbao zenye wadudu. Basi meno ni mbao. Mwezi wa sita niliota mvua, nikaamka nikafunika mbao zangu zote kwa turubai. Tabora, mwezi wa sita, ambapo hata wingu moja likionekana watu wanaliuliza limepotea njia. Majirani walipita wakacheka, nikawaambia tusubiri. Mvua ile mpaka sasa naisubiri.

Halafu ikaja ile ya mama mkwe.

Niliota mimi ni mpagazi. Kwetu Wanyamwezi hilo halihitaji mtaalamu. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani na kurudi, na mpaka leo mtu akizaliwa na mabega mapana wazee wanacheka, wanasema huyu ameachiwa urithi. Basi niko kwenye ile njia ya zamani, nimetoka Tura naelekea Kigwa, jua linachoma, vumbi mpaka magotini. Begani nina mzigo mrefu uliofungwa kwa kamba za magome. Unazidi kuwa mzito. Nikageuza shingo nione ni kitu gani. Ni mama mkwe.

Mama Gaudensia mwenyewe, amefungwa amenyooka kama pembe ya tembo, amevaa kitenge chake cha kanisani. Anatafuna muwa. Makapi anayatemea sikioni mwangu. Nikimwambia, mama, nikutue kidogo nipumzike, anajibu, "Bado. Usoke bado." Mtu anayeijua reli anajua kwamba ukiwa kati ya Tura na Kigwa, Usoke iko upande wa pili wa Tabora kabisa. Na mwanamke yule ni mzito hata nje ya ndoto.

Tukafika Kigwa. Kuna mfanyabiashara amekaa na mizani, amevaa kanzu, ananiuliza pembe hiyo bei gani. Nikasema gunia la chumvi. Akasema nusu gunia. Mama mkwe kule juu begani akasema, "Asikudanganye huyo, aongeze." Akaongeza, likawa gunia zima. Nikamtua, nikajitwika chumvi yangu, nikaondoka. Chumvi ikawa nyepesi kama pamba.

Niliamka nacheka. Advera alikuwa misa ya asubuhi, kwa hiyo nilirekodi kwa raha zangu, kwa sauti ya juu, huku bado nacheka. Na mwishoni nikaongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye ndoto. Nikasema, "Na chumvi yenyewe ilikuwa nzuri." Hayo ndiyo yaliyonimaliza.

Hapa kwetu kumuuza mtu si neno la mzaha. Njia ile haikupitisha pembe peke yake. Kuna koo hapa Tabora ambazo huulizi zilifikaje, unakula pilau yao, unashukuru, unaondoka. Nilijua hivyo. Ndiyo maana ndoto ile haikunitoka kichwani, na ndiyo maana nilitaka maana yake. Kipimo changu kilishindwa. Nyoka najua, meno najua, mama mkwe wa kuuzwa sikuwa naye kwenye orodha.

Nikampelekea Abdulatifu.

Abdulatifu ni kinyozi, kibanda chake kinatazamana na karakana yangu. Ni Mzaramo. Babu yake alikuja na reli, akaonja asali ya huku, akasahau kurudi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na maana yake ni kwamba Abdulatifu anaweza kunitukana mbele ya watoto wangu, akachukua kuku wangu, akavaa kofia yangu, na nikikasirika mjinga ni mimi. Nami hivyo hivyo kwake. Nikafikiri hivi: rafiki atanipaka mafuta, ndugu atanionea huruma, mke atanipiga na mwiko. Mtani hana aibu nami, kwa hiyo mtani atasema kweli. Hesabu ilikuwa nzuri. Nilichosahau ni kwamba mtani hana siri pia.

Nilimkuta wembe uko kwenye shingo ya mteja.

"Mtumwa wangu, umekuja kunyolewa au kunusa mafuta?"

"Nimekuja na ndoto."

"Mnyamwezi naye anaota? Mimi nilijua mkilala mnahesabu mizigo."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nimeota nabeba mzigo."

"Basi hiyo si ndoto, hiyo ni kumbukumbu."

Mteja akacheka. Abdulatifu akamshika kichwa, akamwambia atulie, sikio halioti mara mbili. Nikawasha rekodi. Alisikiliza wembe ukiwa hewani. Ilipoisha akaniomba niirudie. Mara ya pili mteja alikuwa anafuta machozi kwa taulo la kunyolea, lakini Abdulatifu hakucheka hata kidogo. Hapo ndipo nilipopaswa kuondoka na simu yangu.

"Ulimuuzia Kigwa?"

"Kigwa."

"Na chumvi uliipeleka wapi?"

"Niliamka."

"Ndoto haijaisha hiyo. Mali imepokelewa na haijulikani iko wapi, mimi nitatafsiri nini? Nitumie, nikaisikilize nyumbani nimetulia."

Nikamtumia. Kila nilipopita kumuuliza alisema bado anaisikiliza.

Haikupita muda mrefu, Mzee Raymundi akafariki kule Usoke. Alikuwa mdogo wa marehemu baba mkwe, mkulima wa tumbaku, mtu wa kikohozi kikubwa na maneno machache. Mimi na Advera tukapanda basi. Abdulatifu akafunga kibanda akaja nasi, kwa sababu mtani hakosi msiba wa mtani. Advera alifurahi kumwona. Alimpa kiti cha dirishani.

Kama hujawahi kuona kazi ya mtani msibani, utasema ni ukosefu wa adabu. Kesho yake baada ya maziko, Abdulatifu alitoka ndani amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu. Akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, kile kikohozi chenyewe cha kuamsha mbwa. Akamwambia mjane, "Mke wangu, nimerudi, nimesahau tumbaku." Akalala katikati ya uwanja, akasema haamki mpaka aletewe kuku, na asiwe kuku wa kukonda kama wale wa Wanyamwezi. Mjane alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu mzee akate roho. Alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka aliomba uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Abdulatifu anaijua kuliko kunyoa.

Nilikuwa nacheka kuliko wote. Nilimnong'oneza shemeji yangu Amon, kaka yake Advera, kwamba mtani huyu ni wangu.

Kisha Abdulatifu akaenda kwenye spika ya wanakwaya, akachomeka simu yake.

"Wafiwa," alisema, "marehemu huko alikokwenda amekutana na habari za ukoo huu. Ameniambia kuna mali yenu imeuzwa. Sikilizeni."

Na sauti yangu ikatoka, kubwa kuliko nilivyo. "Leo Jumanne. Nimeota nimembeba mama mkwe."

Sikumbuki nilisimama au nilikaa. Nakumbuka watu walivyokuwa wanacheka. Walicheka kwenye muwa, walicheka kwenye makapi. Katekista aligeukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Walipofika kwenye mizani walianza kupungua. Kwenye gunia la chumvi wakabaki vijana tu. Na pale niliposema chumvi yenyewe ilikuwa nzuri, nikacheka kile kicheko changu cha kitandani, uwanja ulikuwa kimya, nikawa nacheka peke yangu kwenye spika.

Mama Gaudensia alikuwa mkekani kati ya wanawake. Aliinuka polepole, akafungua fundo la khanga, akatoa hela akampa Abdulatifu. Mtani hufungwa mdomo kwa kulipwa, na hakasirikiwi.

"Asante mtani. Kazi yako umeifanya."

Halafu akanitazama mimi. Miaka ishirini na mbili mama yule alikuwa akiongea nami ameangalia pembeni, kama inavyotakiwa kwa mkwe. Siku hiyo alinitazama usoni.

"Na wewe mkwe. Umesema nusu gunia?"

"Gunia, mama," nikasema. "Gunia zima."

Naapa nilidhani namtetea.

Jioni Advera alinisindikiza mpaka barabarani. Basi liliposimama hakupanda.

"Baba Flavia, wewe tangulia."

"Unakuja lini?"

"Ukiniota nakuja, jiandae."

Mjini nilikwenda moja kwa moja kibandani kwa Abdulatifu. Alikuwa ametangulia kurudi, anakula kuku aliyempata msibani.

"Umenivunjia nyumba."

"Nimefanya kazi. Ulitaka rekodi ile niisomee dua?"

"Nilikuomba tafsiri."

"Tafsiri umeshaipata, mtumwa wangu. Umeota umempoteza mwanamke wa Usoke, ukaamka ukampoteza mwanamke wa Usoke. Ndoto imekosea umri tu." Akanyoosha sahani. "Paja hili hapa. Kula, usije ukafa nikakosa wa kumtukana."

Ningempiga. Lakini sheria ni sheria. Nikala paja.

Nyumba bila Advera ni ngumu kuieleza. Binti yetu Flavia yuko shule ya bweni, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na simu. Niliendelea kurekodi kwa mazoea tu, na hapakuwa na mtu wa kuvuta shuka. Nilikuwa nasimulia halafu nasubiri asonye, kimya. Asubuhi moja nilikaa kitandani nikajifanyia tafsiri ya mwisho. Kama mali iliyopokelewa haijulikani ilipo, kama alivyosema Abdulatifu, dawa yake ni kuirudisha. Mtu aliyeuzwa hukombolewa. Kwa akili yangu ya darasa la tano ilinyooka kabisa, kama ubao uliopigwa randa.

Nikanunua gunia la chumvi sokoni, nikalipandisha basi, nikashuka Usoke nikalitwika begani mwenyewe mpaka nyumbani kwa mama mkwe. Nilitaka waone nimelibeba.

Walikuwa uani, mama, Advera na Amon, wanachambua mbegu. Nikatua gunia, nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Amon akalizunguka gunia. "Shemeji, hii nini?"

"Chumvi. Nimekuja kumkomboa mama."

Kuku mmoja alikuja akadonoa gunia, akaondoka. Amon akajifuta uso kwa kiganja.

"Yaani umekuja kuthibitisha bei."

"Mkwe," mama alisema, safari hii ameangalia pembeni tena, "ulipokuwa umelala ulinithamini gunia la chumvi. Nikasema ni usingizi, usingizi hauna akili. Sasa uko macho. Umetoka Tabora na nauli umelipa. Na bado mimi ni gunia la chumvi."

Niliona kweli yake papo hapo. Jambo likishasemwa na mwenye akili huwa rahisi sana. Nilibaki pale na goti langu chini, jasho na chumvi vikiniwasha shingoni.

"Lete hiyo simu," mama alisema.

Nikampa. Akamwambia Amon aziwashe zote, moja baada ya nyingine. Tukasikiliza ndoto zangu uani, mchana kweupe, kuanzia nyoka wa pili mpaka ya mwisho kabla ya msiba. Mama alikuwa anachambua mbegu. Kila moja ikiisha aliuliza swali moja tu, "Siku hiyo alikula nini?" Na Advera anajibu. Maharage. Maharage. Dagaa na muhogo, usiku sana. Kwenye ile niliyoota naendesha treni nimevaa gauni, mama alisema, "Hiyo ni muhogo." Amon alilazimika kwenda nyuma ya nyumba.

Yule bwana wa redio hakusema habari za muhogo hata siku moja.

Zilipoisha, Advera ndiye aliyeongea.

"Mimi kuuzwa kwa mama si kitu kinachoniuma. Mama mwenyewe alidai uongeze. Kinachoniuma, nimelala pembeni yako ndoto zote hizo nimezisikia. Ile moja ambayo sikuisikia ukaenda kumpa kinyozi. Nilikuwa narudi kutoka misa, Baba Flavia. Ni mwendo wa nusu saa. Hukuweza kuningoja."

"Ungenipiga."

"Ningekupiga. Halafu ingeisha."

Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba tangu siku hiyo nitamwuliza yeye, na kwamba yeye pia anisimulie za kwake, maana miaka yote sikuwahi kumwuliza anaota nini.

"Za kwangu?" Advera alirusha mbegu mbovu kwa kuku. "Za kwangu sisimulii. Naogopa kuzisikia kwenye spika."

Basi wakakaa, wakaita na wazee wawili wa ukoo, wakapanga. Nilikubali yote bila kupunguza. Kupunguza kungekuwa kupiga bei tena, na hilo nilikuwa nimeshajifunza.

Niliwapelekea mbuzi jike aliyekwisha kuzaa, maana walisema dume ni la sherehe na hii si sherehe. Vitenge viwili vya mama, kimoja cha kanisani na kimoja cha kuvaa akitaka kunisahau. Milango ya mabani yao yote manne ya kukaushia tumbaku, kwa mninga wangu niliokuwa nimeuweka kwa kitanda cha mteja, na mteja huyo akaenda kwa seremala mwingine. Gunia la chumvi walilibakiza bila kulihesabu, kwa kuwa hawakuliomba. Simu mama alikataa kuirudisha, akasema mtu wa kwanza kuuzwa kwa simu hiyo awe wa mwisho, kwa hiyo nayo imebaki Usoke na namba zangu zote za wateja.

Advera alirudi mwezi wa tisa. Analala chumba cha Flavia. Kitanda cha futi tano kwa sita, ambacho nilikitengeneza mwenyewe tulipooana, nalala peke yangu upande wa ukutani. Jumla ni mbuzi mmoja, vitenge viwili, milango minne, mteja mmoja, gunia moja, simu moja, na nusu ya kitanda.